Picha Kumi na Moja

Kapinga alinipigia simu mchana wa Jumatano, nikiwa nachagua mawe kwenye mchele. Sauti sikuitambua. Nilimwona mara ya mwisho akiwa na miaka saba. Sasa ni mwanamke mzima mwenye watoto wanaosoma chuo. "Tantine Zaina? Njo Kapinga, mutoto wa Papa Ilunga wa reli." Ile 'njo' yetu ya Kindu, yaani 'ndiye', alikuwa hajaisahau. Namba yangu alikuwa ameipata kwa watu wa kanisa lao waliobaki hapa Kindu. Aliniambia baba yake amefariki huko Mwene-Ditu na wamemzika Jumapili. Nikatoa pole, nikauliza mama anaendeleaje. "Mama iko hapa karibu yangu. Njo yeye alisema nikuambie." Nikangoja. Nilidhani kuna neno linakuja nyuma ya hilo, salamu, au hata tusi, kwani tusi pia ningelipokea. "Amesema nikuambie tu," Kapinga akarudia, na simu ikakatika, sijui kama ni mtandao au ni yeye.

Mchele sikuupika siku hiyo. Nimepita miaka sitini, nimepiga picha za arusi na mazishi ya nusu ya mji huu, na vijana wenye simu zao bado hunisalimu barabarani kama mtu aliyefanya jambo. Mwaka ninaotaka kuuandika ni mmoja tu, katika miaka ile ya mwisho ya Chama kimoja, nilipokuwa na miaka ishirini na tatu. Watoto wangu wanaujua. Nimewasimulia kuhusu kamera, uwanja, nyimbo, na jinsi baba yake Kapinga alivyochukuliwa. Kila mara nimeruka dakika ishirini za asubuhi moja ndani ya studio. Leo siziruki.

Mwaka huo nilikuwa mpangaji katika nyumba ya Ilunga, kambi ya reli. Alikuwa karani wa stesheni, Muluba wa Kasai, mtu mrefu ambaye mabega yake yaliinama kidogo mbele kwa miaka ya kukaa juu ya daftari. Kila mtu alimwita Papa Kapinga kwa jina la binti yake, na mkewe Mama Kapinga. Walinipa chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo ya makaa zamani za Wabelgiji. Kilikuwa kimepakwa chokaa mara tatu, lakini mvua ikinyesha weusi ulirudi ukutani na kushuka kwa mistari. Kulikuwa na kitanda, sanduku, msumari wa kutundikia nguo, na dirisha moja lililotazama njia ya reli. Chakula tulikula wote kwenye meza moja, jambo lililonishangaza, maana kwetu Tunda wanaume walikula peke yao. Mama Kapinga alisonga bidia ya mahindi na muhogo, ngumu, na mimi niliyekulia wali nilichukua mwezi mzima kujifunza kuimeza bila maji. Aligundua. Ijumaa iliyofuata niliona sufuria ndogo ya wali pembeni ya jiko, na samaki wa Lualaba kwa mawese. "Hii njo ya Zaina," alisema. "Muntu asiguse." Papa Kapinga alinyoosha kijiko, mkewe akampiga mkononi, na sisi wote tukacheka. Nilikuwa sijawahi kuwa na sufuria yangu katika nyumba ya mtu yeyote.

Kazi yangu ilikuwa studio ya Patron Kambale, katikati ya mtaa wa Kasuku. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini. Mbele ya duka aliuza vitambaa vya vikwembe na vipuri vya baiskeli, nyuma alikuwa na chumba chenye pazia lililochorwa maua, viti viwili, na chumba cha giza cha kusafishia picha ambacho tulikiita labo. Alinichukua kwanza nifagie na kukata picha kwa mkasi. Mpiga picha wake alipohamia Kisangani, mimi nikashika kamera kwa sababu hapakuwa na mwingine. Wateja waliingia, wakanitazama, wakauliza: "Mupiga picha iko wapi?" Nikajibu: "Njo mimi." "Hapana, mama, tunataka mwenyewe." Nilijibu swali hilo kwa miaka miwili. Wengine waliketi kwenye benchi wakingoja mwanamume atokee, na baada ya nusu saa wakaondoka.

Kamera ya zamani ilikuwa ya chuma, nzito, ya kuzungusha kwa mkono. Ndani ya tundu la kutazamia uso wa mtu ulionekana umekatika vipande viwili, na kazi yako ilikuwa kuzungusha pete ya lensi mpaka vipande vishikane. Ukimaliza, mteja ameshaacha kutabasamu. Kisha unavuta mkono wa filamu kwa kidole gumba ndipo upige nyingine. Patron aliporudi kutoka safari yake ya Dubai alifungua sanduku juu ya meza ya duka, na ndani, kwenye sponji nyeusi, kulikuwa na kamera ambayo haikuwa na pete ya maana wala mkono wa kuvuta. "Hii inajitafutia yenyewe," alisema. "Wewe unafinya tu." Nilifinya kifungo nusu. Lensi ikalia sauti nyembamba kama ya mbu, ikaenda mbele, ikarudi, ikasimama, na chini ya picha ikawaka nukta ndogo ya kijani. Uso wa Patron ulikuwa wazi mpaka vinyweleo vya puani.

Kitabu cha maelezo kilikuwa cha Kifaransa, kurasa mia na zaidi, na Kifaransa changu hakikutosha. Papa Kapinga ndiye aliyenisomea, jioni baada ya kula, miwani puani, akinyoosha kila sentensi mpaka nielewe. Kwa njia hiyo nilijua kwamba jicho la mashine liko katikati, kati ya mabano mawili madogo, na kwamba kitu chochote kitakachoangukia pale, yenyewe itakifuata hicho. Kama unataka mtu wa pembeni, lazima umweke kwanza katikati, ushikilie kifungo nusu, kisha urudishe kamera. Nilijua kwamba inasoma yenyewe nguvu ya filamu kwenye miraba midogo myeusi na myeupe ya mkebe wake, inajipakia filamu, inairudisha, inapima mwanga wa sehemu mbalimbali za picha na kuchagua. Katika giza au mbele ya ukuta mweupe ilichanganyikiwa, ikaenda na kurudi bila kusimama. Ilikula mawe manne madogo ya redio, yaani betri, kama mtu mwenye njaa. Ukiacha kidole kwenye kifungo, ilipiga picha tatu kwa sekunde moja. Na mlango wake wa nyuma ulikuwa na saa: iliandika tarehe, saa na dakika kwenye kona ya kila picha. Papa Kapinga alifurahia hilo kuliko yote. Aliibeba kamera hadi stesheni kesho yake na kuiwekea saa kwa kufuata saa kubwa ya reli. "Sasa hii kamera haiwezi kuchelewa," aliniambia. Niliijaribu kwa wapanda baiskeli barabarani. Zamani baiskeli iliyokimbia ilitoka moshi mtupu. Sasa nilihesabu hadi waya za gurudumu.

Miezi michache baadaye tulitangaziwa kwamba mgeni mkubwa wa Chama anakuja kutoka Kinshasa. Ofisi zote ziliamriwa kuandaa nyimbo na ngoma za kumpokea, na studio yetu kupiga picha. Msimamizi wa nyimbo katika Kasuku alikuwa mtu aliyeitwa Lutala, kijana bado, mwenye abakosti, ile suti ya Chama isiyo na tai, iliyopigwa pasi vizuri na sauti ya upole. Kila alasiri, wiki tatu, watu wa reli walitoka kazini na kupelekwa uwanjani kujifunza kuinua mikono kwa pamoja. Miongoni mwao alikuwa fundi wa injini, Muzee Tshibangu, ambaye miguu yake ilikuwa imevimba. Aliomba akae. Lutala akamwambia atakaa siku mgeni akiondoka. Alhamisi moja mzee alianguka kwenye jua, na kabla hawajamfikisha hospitali alikuwa amekufa. Tulimzika Ijumaa. Makaburini alikuja mjumbe kusema mazoezi yanaendelea Jumatatu.

Jumapili nilikuwa chumbani kwangu nikipiga pasi. Wanaume wanne walikuwa barazani, nyuma ya ukuta wangu, na sikuhitaji kutega sikio.

"Tukikosa kwenda, watatuita maadui," sauti ya Papa Kapinga ilisema. "Tutaenda. Tutavaa, tutasimama kwa mustari. Wakianza kuimba, sisi tunakunja mikono. Hakuna neno, hakuna kelele. Njo matanga yetu ya Muzee."

"Na wakituona?"

"Watu iko mingi pale. Kila muntu anaangalia mukubwa. Nani ataangalia mikono ya watu wa reli?"

Kisha Mama Kapinga, aliyekuwa akiwapelekea chai, akasema: "Na kamera ya Zaina?"

"Zaina iko wa hapa nyumbani," mumewe akajibu.

Nilisikia hivyo, pasi mkononi, na nakumbuka nilivyoona raha. Siwezi kusema sikujua. Watu wengine wa miaka ile wana bahati ya kusema hawakujua.

Siku ya mgeni Lutala alinichorea alama ya chokaa chini na kuniambia nisiivuke. Mbele yangu palikuwa na kipaza sauti. Mgeni na mkubwa mmoja wa hapa walisimama sambamba wakitazama katikati ya uwanja, na nyuma yao, kama pambo, watu wa reli kwa mstari, maana abakosti zao zilikuwa safi. Wachezaji walikuwa nyuma yangu, na Lutala alikuwa kati yao akiwaongoza. Ngoma zikaanza. Mikono elfu ikapanda. Nilielekeza kamera ili wakubwa wote wawili waingie, mmoja kushoto, mmoja kulia, nukta ya kijani ikawaka, nikafinya. Nikaacha kidole juu ya kifungo. Wimbo ulikuwa mrefu, wenye sehemu nyingi za kumtaja Kiongozi, na kila sehemu nilifinya tena. Sauti ya mota ilinipa kiburi. Wapiga picha wawili wa mji wenye kamera za zamani waligeuka kunitazama. Kosa langu la kazi lilikuwa la mtoto. Kati ya mabega ya wakubwa wale palikuwa na pengo, na pengo hilo lilikuwa katikati kabisa. Mashine ilipita pale, ikaenda kushika kilichokuwa nyuma. Ningeangalia sura za wakubwa ningeona zimefifia. Lakini sikuwa natazama watu tena. Nilikuwa natazama nukta ya kijani.

Kesho yake, ndani ya labo, negativu za filamu zilinionyesha kosa langu. Picha za mgeni akishuka gari zilikuwa nzuri, za chakula zilikuwa nzuri. Za wimbo zilikuwa kumi na moja, na zote mgeni alikuwa ukungu. Nikachapa moja ili nione ukubwa wa hasara. Katika beseni la dawa uliibuka kwanza ukingo wa bega lisilo na umbo, kisha lingine, na kati yao, polepole, Papa Kapinga. Mvi juu ya sikio. Kalamu mfukoni. Midomo imefungwa, mikono imekunjwa kifuani, macho yakitazama mbali juu ya vichwa vyetu, macho ya mtu aliye msibani. Kushoto na kulia kwake wenzake wawili hivyo hivyo. Kwenye kona, nyeupe, tarehe, na saa nne na dakika kumi na nne. Nilikuwa sijapata kupiga picha kama ile, na nasema kwa uchungu kwamba sijapata kupiga nyingine tangu wakati huo. Nilijua ni hatari. Nilijua pia kwamba ingetosha kuchana karatasi ile na kukata kipande kile cha negativu kwa mkasi uliokuwa mezani. Niliitundika kwenye kamba ikauke. Nilijiambia nitampelekea mwenyewe zawadi.

Patron Kambale aliiona kabla haijakauka. "Hii njo picha!" alisema, akaisogeza kwenye mwanga. "Angalia macho. Angalia kitambaa."

"Patron, mgeni haonekani vizuri."

"Nani anamutafuta mugeni? Za mugeni tutazipeleka kule. Hii watu waone kazi ya mashine. Tena ichape kubwa."

Ningeweza kusema ina doa. Ningeweza kusema mwenye sura hakubali, neno ambalo Patron aliliheshimu. Nilimchapia kubwa, na Alhamisi ilikuwa kwenye kioo cha mbele, kati ya vikwembe. Nyumbani sikusema kitu. Ofisi ya stesheni ilikuwa upande mwingine, Papa Kapinga hakupita pale mara nyingi, na mimi nilitaka siku moja apite aione bila kuambiwa. Nilikuwa najichorea uso wake akiiona. Huo ndio ujinga niliokuwa nao.

Jumamosi asubuhi Lutala aliingia kupigwa picha ya kitambulisho. Hakuuliza mpiga picha yuko wapi. Alisema, kwa jina ambalo Chama kilitaka raia waitane: "Citoyenne, nimeona kazi yako kwenye kioo. Ulijifunza wapi?" Nilimkalisha, nikampiga, na wakati nikiandika jina lake aliomba kuishika kamera. Aliishika kwa adabu, mikono miwili. Akauliza lensi inajuaje mahali pa kusimama. Nikamweleza. Akauliza kama mimi ndiye niliyemchagua yule bwana wa kwenye kioo. Nikasema hapana, ni jicho la katikati, wakubwa waliacha pengo. Alicheka, nami nikacheka. Alitaka kujua habari za mwanga, filamu, mawe. Katika miaka miwili hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza maswali kumi mfululizo juu ya kazi yangu na kungoja majibu. Nilimfungulia mlango wa nyuma wa kamera nikamwonyesha nambari. Nilimfinyia kifungo bila filamu asikie mota.

Kisha akasimama mbele ya kioo, mikono nyuma, akaitazama picha kwa muda.

"Unajua," alisema, kwa upole uleule, "mimi siamini picha. Picha moja inaweza kumusingizia muntu. Huyu bwana labda alichoka, akashusha mikono kidogo tu, nawe ukamupiga palepale. Kamera ya zamani, kamera mupya, njo mamoja."

Hapo ndipo. Nimekaa juu ya sentensi hiyo miaka mingi na bado nasikia jinsi ilivyonichoma. Hakuwa amemgusa Papa Kapinga. Alikuwa amegusa mashine yangu. Na hata mtu mwenye akili ndogo angesema: ndiyo, Citoyen, ni kweli, alichoka. Mlango ulikuwa wazi, yeye mwenyewe aliufungua.

"Hapana," nilisema. "Hii haisingizii muntu. Iko kumi na moja, na saa imeandikwa kwa kila moja."

"Kumi na moja?"

"Kutoka dakika ya kumi na nne mupaka ya ishirini na moja."

"Na saa ni ya kweli?"

"Iliwekwa kwa saa ya reli."

Aligeuka. Uso wake haukuwa umebadilika, ndiyo maana mimi nilielewa polepole, kama mtu anayeamshwa. "Basi hakuchoka," alisema. Akaomba negativu. Nilisema zimefungiwa. Akasema atangoja, akaketi kwenye benchi lile la wateja waliongoja mwanamume. Nikaingia labo. Mkasi ulikuwa pale mezani. Nilizitoa kwenye bahasha, nikazihesabu, nikampelekea. Ndizo dakika ishirini.

Papa Kapinga alichukuliwa Jumatatu, akiwa kazini, pamoja na wale wawili wa pembeni yake. Mama Kapinga alishinda siku tatu mbele ya ofisi moja na nyingine akibeba chakula kilichofunikwa kitambaa, na jioni akakirudisha. Siku ya nne walimwambia yupo, na chakula wakakipokea. Aliendelea kupika na kuweka sahani tatu mezani: yake, ya Kapinga, yangu. Jioni moja, bila kuinua macho, aliuliza: "Zaina, waliniambia wanajua mupaka dakika. Walijua namna gani?"

"Sijui, Mama Kapinga."

"Patron wako alitoa picha?"

"Labda Patron," nikasema.

Alitikisa kichwa, akanisogezea mboga.

Walimrudisha baada ya wiki sita. Alikuwa mwembamba, na kwanza nilidhani hilo ndilo tu. Alipotaka kuchukua kikombe juu ya kabati, mkono ulifika usawa wa bega na kusimama. Akajaribu wa pili. Mkewe akamchukulia kikombe. Walikuwa wamewasimamisha uani na mikono juu tangu asubuhi, siku baada ya siku, na aliyeshusha alipigwa kwenye kiwiko. "Walitufundisha vizuri," alisema, na hilo ndilo neno pekee la kejeli nililowahi kumsikia akitoa. Tangu siku hiyo Mama Kapinga ndiye aliyemvisha shati.

Jioni ya tatu tulikula wote. Alikuwa anakula uso wake karibu na sahani. Akaiweka kando.

"Zilikuwa kumi na moja, Zaina," alisema. "Walizipanga mezani, na Lutala akaeleza habari ya saa ya reli. Moja ningeikana. Ningesema nilichoka."

Nikaanza kulia. Nilimwambia ni mashine, Papa Kapinga, mashine ilijichagulia, mimi nililenga wakubwa, mashine ndiyo iliyopita katikati. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyonisikiliza wakati wa kusoma kile kitabu.

"Mashine haikusema na Lutala," alijibu.

Mama Kapinga alinitazama. Hakulia, hakupiga kelele. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, na ule ukimya ulimkaa vibaya, kama nguo ya mtu mwingine. Tangu usiku ule sahani yangu haikuwa mezani. Ilikuwa chini, mbele ya mlango wa chumba changu, imefunikwa, moto bado. Na Ijumaa ulikuwa wali. Ningeweza kuondoka. Ningeweza kuuacha ule wali pale pale, aelewe kwamba nina aibu. Nilikuwa na njaa, nikaula. Hilo pia naliandika.

Mwezi uliofuata Papa Kapinga alipokea barua ya kufukuzwa kazi, na nyumba ya kambi ikawa si yao. Waliondoka kwa treni ileile aliyoiandikia tiketi miaka kumi na tano, kupitia Kongolo na Kabalo kwenda Kasai. Nilifika stesheni na mfuko wa mikate. Yeye alikuwa ameshaketi ndani. Mama Kapinga alipokea mikate kupitia dirishani, akasema asante kwa sauti ya mtu anayemshukuru mchuuzi, akampa Kapinga aishike. Treni ilichelewa saa moja kuondoka. Tulikaa hivyo saa moja nzima, mimi chini, wao juu, dirisha likiwa wazi.

Watu huniuliza kwa nini sikuacha kazi ile. Nilipokuwa kijana nilikuwa na majibu. Ukweli ni kwamba baada ya mambo hayo hakuna mteja tena aliyeuliza mpiga picha yuko wapi. Walikuja wengi kuliko zamani, wakaketi wima, wakaniita Mama Zaina wakati sikuwa na mtoto. Patron alinihamishia chumba cha juu ya duka, chenye kuta nyeupe. Lutala alikuja na karatasi yenye muhuri: sherehe zote za Chama katika mji zitapigwa na mimi. Nikaikunja vizuri na kuitia mfukoni.

Sherehe iliyofuata ilikuwa kabla ya mwaka kwisha, uwanja uleule. Safari hii hakunichorea alama ya chokaa, niliruhusiwa kutembea ninakotaka. Wimbo ulianza. Nilitembea mbele ya walimu, mbele ya mama wa soko, na niliona jambo ambalo kwanza sikulielewa: kila mstari niliougeukia ulicheza kwa nguvu zaidi, na nikipita ulilegea. Nikafika kwa watu wa reli. Katika nafasi ya katikati, ya Papa Kapinga, alikuwa amesimama mtu mwingine, kijana nisiyemjua. Wimbo ulikuwa umefika mahali pa kupumzika, ngoma zimenyamaza, hakuna aliyetakiwa kufanya chochote. Niliinua kamera. Kabla lensi haijaanza hata kutafuta, mikono yao yote ilipanda, mstari mzima, ikabaki juu kwenye ukimya ule, na nyuso zao zikinitazama mimi, si wakubwa.

Nikafinya kifungo, nikaacha kidole hapohapo. Zilitoka safi zote.